Kuendesha kamera za mubashara kwa kishikwambi: vitufe vinane vinatosha

Anayerusha ibada mubashara kanisani mara nyingi ni kijana wa kwaya au mama wa idara ya habari aliyejitolea. Jumapili hii yupo, ijayo yuko zamu kazini, na nafasi yake inashikwa na mwenzake aliyeelekezwa kwa dakika kumi kabla ya wimbo wa kwanza. Ukimwambia akumbuke kwamba mimbari ni priseti ya 5 (yaani mwelekeo na zumu vilivyohifadhiwa kwa namba ndani ya kamera) kwenye kamera ya pili, kwamba aipeleke kwanza, asubiri itulie, ndipo abadilishe picha, atakosea, na kila anayetazama nyumbani ataona kamera ikipepesuka hewani. Kupanga amri kwa zamu ni kazi ya kompyuta. Mwendeshaji abakiwe na jambo moja tu: kuamua mtazamaji aone nini sasa.

Yanayofuata yametokana na kufunga na kuendesha mitambo ya namna hii makanisani na kwenye kumbi za harusi. Mtambo wenyewe ni kamera mbili za PTZ, yaani zile zinazogeuka, kuinama na kuvuta picha zenyewe kwa amri. Kamera moja ya kawaida iliyofungwa nyuma ya ukumbi isiyosogea kamwe. Kompyuta yenye OBS, programu ya kuchagua picha ipi irushwe na kuirusha. Programu ya bure ya Bitfocus Companion, inayotengeneza vitufe vya kutuma amri, ndani ya kompyuta hiyohiyo. Na kishikwambi kimoja cha inchi 8 hadi 10. Kishikwambi hakihitaji programu yoyote maalumu. Kinafungua kivinjari kwenye anwani ya kompyuta, poti ya 8000, ukurasa wa /tablet, na vitufe vinajitokeza.

Anza na karatasi kabla ya kugusa kompyuta. Keti ibada nzima uandike picha ambazo aliyeko nyumbani anazihitaji kweli. Kwa ibada ya kawaida ni hizi: mhubiri kwa karibu, mhubiri pamoja na madhabahu, msomaji wa matangazo, kwaya imeketi, kwaya imesimama, wapiga vyombo, waumini, na picha pana. Ni nane. Kwaya inahitaji mbili kwa sababu wakisimama safu ya nyuma inapanda karibu nusu mita, na priseti ya walioketi inawakata vichwa. Jina la kitufe liwe la kile jicho litakachokiona: MHUBIRI, KWAYA, WAUMINI. Kitufe kilichoandikwa "KAM 2 P5" kinamfaa aliyekitengeneza peke yake.

Jambo linalorahisisha mengine yote ni hili: kila picha ihifadhiwe kwenye kamera zote mbili kwa namba ileile. Kama KWAYA ni priseti ya 3 kwenye kamera ya kwanza, iwe ya 3 kwenye ya pili pia, hata kama pembe ni tofauti. Sababu ni kwamba kamera iliyo hewani haitakiwi kusogea, kwa hiyo kazi inaangukia kila mara kwa ile isiyo hewani, na huwezi kujua mapema itakuwa ipi. Namba zikifanana, kitufe kinauliza swali moja tu: ipi iko hewani? Kisha kinatuma namba ileile kwa nyingine.

Kitufe cha KWAYA, kwa hiyo, kinafanya hivi. Kinaangalia onyesho (scene) lililo hewani kwenye OBS. Kama ni KAMERA 1, kinaiamuru kamera ya pili iende priseti ya 3. Kinasubiri milisekunde 3,000. Kinabadilisha onyesho kwenda KAMERA 2. Mwisho kinaandika neno "kwaya" kwenye kigeu, yaani kumbukumbu ndogo ndani ya Companion, kinachoitwa picha_sasa. Kama ni KAMERA 2 iliyo hewani, ni hayohayo kinyume chake. Kama PANA, picha ya kamera isiyosogea, ndiyo iko hewani, yoyote inafaa. Chagua yenye pembe nzuri zaidi.

Muda wa kusubiri usiukisie. Chukua simu, rekodi kioo cha kompyuta wakati kamera inatoka kwenye priseti iliyo mbali zaidi kwenda hiyo unayoipima, kisha hesabu. Wengi hudhani kinachochelewesha ni kugeuka, lakini mara nyingi ni zumu: kamera imeshafika upande wa kwaya na lenzi bado inavuta. Baada ya hapo fokasi nayo inatafuta mahali pa kutulia. Kama picha inafika kwenye kompyuta kwa mtandao badala ya kebo ya video ya SDI au HDMI, ongeza pia ucheleweshaji wa video, maana kamera inakuwa imesimama ilhali picha yake kwenye OBS bado inatembea. Uchelewaji huohuo unatenganisha mdomo na sauti, kwa hiyo sauti ya mikseri icheleweshwe kwa milisekunde zilezile kwenye mipangilio ya juu ya sauti ya OBS. Ukishapata muda mrefu kuliko wote, ongeza nusu sekunde, kisha tumia namba hiyo moja kwa vitufe vyote. Mtazamaji hajui kwamba umesubiri. Anachokiona ni picha iliyotulia.

Kuna mtego kwenye Companion. Katika matoleo ya zamani kila kitendo kilikuwa na ucheleweshaji wake, na ulihesabiwa tangu kitufe kilipobonyezwa, isipokuwa uwe umewasha hesabu ya kufuatana. Anayepanga "0, 3000, 500" akidhani la tatu litakuja nusu sekunde baada ya la pili anashangaa kuona la tatu likitangulia. Matoleo mapya yana kitendo cha kusubiri kinachojitegemea, na yana masharti ya "kama… basi" ndani ya kitufe chenyewe. Ukifuata maelekezo yaliyoandikwa kwa toleo la zamani, hapa ndipo yatakapokupoteza.

Sasa, kubonyeza mara mbili. Mwendeshaji anabonyeza KWAYA, sekunde mbili zinapita bila picha kubadilika, anaingiwa na shaka na kubonyeza tena. Amri ya pili inaanza wakati ya kwanza haijaisha. Kamera ya pili imeingia hewani kwa amri ya kwanza, na papo hapo mpango wa pili unaifikia tena, au unabadilisha onyesho kurudi kwenye kamera ambayo haijaandaliwa. Tatizo hili ndilo linaloleta lawama kwamba "kishikwambi hakieleweki", na dawa yake ni vigeu viwili. Cha kwanza ni picha_sasa: kama tayari ni "kwaya", kitufe kisifanye lolote. Cha pili kiite inatembea: kinawekwa 1 mpango unapoanza na 0 unapoisha, na vitufe vyote vya picha vikikuta 1 vinanyamaza. Pamoja na hivyo, mpe mtu dalili ya kuona. Kitufe kilichobonyezwa kigeuke njano papo hapo, kisha chekundu picha inapoingia hewani. Tangu rangi ya njano ionekane, vidole vinatulia.

PANA iachwe nje ya kanuni hiyo. Kitufe hicho hakisubiri wala hakiulizi. Kinaileta hewani kamera isiyosogea, sekunde hiyohiyo, kinaandika "pana" kwenye picha_sasa, na kinarudisha inatembea kuwa 0. Kiweke kwenye kona ya chini kulia, mahali kidole gumba kinapofika bila kutazama. Mtu akianguka kifafa mbele ya madhabahu, mtoto akipanda jukwaani, kamera ikigoma, mwendeshaji awe na mahali pa kukimbilia.

Sehemu ya kurekebisha kwa mkono inahitaji uangalifu zaidi. Vitufe vya mishale huwa vinapangwa hivi: ukibonyeza kamera inaanza kugeuka, ukiachia inasimama. Juu ya kioo cha kugusa mpango huu ni dhaifu. Kidole kikiteleza nje ya kitufe kabla ya kuachia, au Wi-Fi ikikwama wakati huohuo, amri ya kusimama haifiki na kamera inaendelea kugeuka hadi itazame ukuta. Badala yake, fanya kila mguso kuwa hatua ndogo: kompyuta inatuma "geuka kulia" kwa kasi ya 4, inasubiri milisekunde 200, inatuma "simama". Amri zote mbili zinatoka kwenye kompyuta kupitia kebo, na kishikwambi kimetoa mguso mmoja tu. Kwa VISCA, lugha ya amri za kamera, kamera nyingi zina ngazi 24 za kasi ya kugeuka na 20 hivi za kuinama; kwa kusahihisha fremu, zile tano za chini ndizo zenye kazi. Mishale hii iwe kwenye ukurasa wa pili, na iendeshe kamera isiyo hewani pekee.

Kuhusu amri zenyewe. VISCA ni lugha ya kuendeshea kamera iliyoasisiwa na Sony na kufuatwa na watengenezaji wengi. Kuita priseti ni baiti saba: 81 01 04 3F 02 03 FF. Ya kwanza ni anwani ya kamera, 01 inasema hii ni amri, 04 ni kundi la kamera, 3F ni kumbukumbu, 02 ni kuita, 03 ni namba ya priseti, na FF inafunga sentensi. Itazame sana ile 02. Ukiandika 01 mahali pake, maana yake ni "hifadhi", na kitufe ulichodhani kinaita kitaandika juu ya priseti yako pale kamera ilipo wakati huo. Kamera inakaa kimya, haijasogea, na unapokuja kugundua, priseti tatu zimeshapotea.

Namba nazo hupishana kwa moja. Kwenye kamera za Sony, priseti inayoitwa 1 kwenye rimoti ni 00 kwenye baiti. Kwenye PTZOptics, namba 90 hadi 99 zimetengwa kwa kazi za ndani, na 95 inafungua menyu juu ya picha, tena hewani, kwa hiyo usihifadhi chochote kwenye namba hizo.

Kamera isipojibu kabisa, kabla ya kulaumu kebo angalia aina ya VISCA. Ile ya Sony kwa mtandao inatumia UDP (UDP na TCP ni njia mbili za kutuma data mtandaoni) poti 52381 na inatanguliza kichwa cha baiti nane chenye urefu na namba ya mfuatano. Kamera nyingine zinataka baiti saba tupu, mara nyingi kwa TCP poti 5678 au UDP poti 1259. Ukituma moja kwa inayosubiri nyingine, hakuna ujumbe wa kosa. Kuna ukimya tu. Kamera nyingi za kundi hili la pili zinapokea pia amri kwa kivinjari, na hiyo ndiyo njia ya haraka ya kujua kama kamera iko hai:

http://192.168.10.21/cgi-bin/ptzctrl.cgi?ptzcmd&poscall&3

Andika hiyo kwenye kivinjari cha kompyuta. Kamera ikigeuka, mtandao ni mzima na tatizo liko kwenye mpangilio wa Companion. Mwenye kamera moja tu na asiye na kompyuta anaweza hata kuishia hapa: kwenye Android kuna programu ya bure ya HTTP Shortcuts inayogeuza anwani kama hiyo kuwa alama kwenye kioo, na kwenye iPad programu ya Shortcuts inafanya vivyo hivyo. Ila hapo hakuna anayeangalia ipi iko hewani.

Upande wa OBS, tangu toleo la 28 la mwaka 2022 mlango wa WebSocket, ambao Companion inautumia kuiamuru OBS, umo ndani yake, poti 4455. Unauwasha kwenye menyu ya Tools na kunakili nenosiri kwenda Companion. Maelekezo yanayotaja poti 4444 ni ya kiongezi cha zamani.

Mtandao wa kamera uwe wa kwake peke yake. Chagua 192.168.10.x badala ya 192.168.1.x au 192.168.8.x, kwa sababu ruta nyingi za intaneti huja na hizo na siku moja zitagongana. Kompyuta iwe .10, kamera .21 na .22, kishikwambi .30, zote za kudumu. Intaneti ya kurushia iingie kompyuta kwa njia nyingine, na kwenye kadi ya mtandao wa kamera acha nafasi ya geti (default gateway) tupu, la sivyo Windows inaweza kujaribu kutoa matangazo yako kupitia swichi ya mtandao wa kamera isiyokwenda popote. Hapohapo, hakikisha Windows imeutambua mtandao wa kamera kuwa wa faragha. Ukibaki "wa umma", fayawoli, ulinzi wa mtandao wa Windows, inafunga poti 8000 na kishikwambi kinazunguka bila kufungua ukurasa, ilhali kwenye kompyuta yenyewe kila kitu kinafanya kazi. Mtu anaweza kumaliza Jumamosi nzima akibadilisha ruta kwa ajili ya kisanduku hicho kimoja.

Kishikwambi kina ugomvi wake na mtandao usio na intaneti. Android inaona "hakuna intaneti" na kuhamia data ya simu kimyakimya. Toa laini kabisa, na ikiuliza kama ubaki kwenye mtandao huu, kubali na usiulizwe tena. Usitumie mtandao wa wageni, kwa kuwa mitandao mingi ya aina hiyo huzuia kifaa kimoja kuona kingine. Tumia masafa ya 5 GHz. Ukumbi ukiwa mtupu siku ya majaribio 2.4 GHz inaonekana safi. Jumapili watu mia tatu wanaingia na simu mifukoni, na hewa inajaa.

Umeme na kebo ndivyo vinavyoangusha mitambo mingi kuliko programu. Kamera zikipata umeme kwa PoE, yaani kupitia kebo ileile ya mtandao, kiwango cha 802.3af kinatoa wati 15.4 kwenye swichi na kuhakikisha 12.95 kwenye kifaa, 802.3at ni 30 na 25.5. Dalili ya umeme mdogo ni ya kudanganya: kamera inafanya kazi vizuri ikiwa imetulia, kisha inazima na kuwaka upya pale inapogeuka na kuvuta zumu kwa pamoja, yaani wakati mota zote zinapokula. Mtu analaumu kitufe. Mara nyingi chanzo ni kebo. Ukinunua kebo ya mtandao, iwe Kariakoo au Luthuli Avenue, kata kipande, kwangua uzi mmoja kwa wembe. Ukiwa mwekundu hadi ndani ni shaba. Ukionekana mweupe kama sufuria chini ya rangi nyekundu, ni alumini iliyopakwa shaba. Upinzani wake ni mkubwa, na kwa mita 60 au 70 umeme unafika umechoka. Kwa kamera, lipa zaidi uchukue shaba tupu.

Swichi, kompyuta na ruta zikae kwenye UPS moja. Faida ya PoE inaonekana hapa: ukiihami swichi, umezihami na kamera. Bila hivyo, umeme ukikatika kwa sekunde mbili tu, kila kamera inaanza upya, inajizungusha kujipima, na inarudi mahali pake pa kuanzia. Ongeza kitufe kidogo kwenye ukurasa wa pili kiitwacho RUDISHA, kinachozipeleka kamera zote mbili kwenye priseti ya picha pana na kuweka vigeu vyote sawa. Vigeu huwa vinasahaulika, na kitufe kinakataa kufanya kazi kwa sababu picha_sasa bado inasema "kwaya" wakati kamera inatazama dari.

Kishikwambi chenyewe kifungwe kwenye ukurasa huo mmoja: Guided Access kwa iPad, kubandika skrini au Fully Kiosk Browser kwa Android. Kioo kisizime, taarifa zinyamazishwe, masasisho ya usiku yazimwe. Kisiachwe kwenye chaji wiki nzima, maana betri huvimba na kuinua kioo.

Kama mnataka kuendesha kutoka mbali, nje ya jengo, msifungue poti 8000 kwa intaneti. Nenosiri la Companion ni la kuzuia vidole vya watu wa ndani tu, halikutengenezwa kuwa ulinzi. Tumieni VPN, yaani njia ya faragha ndani ya intaneti, kama WireGuard au Tailscale, na anayeendesha kutoka mbali awe na mtu ukumbini wa kuzungumza naye.

Kuna picha ambazo kitufe chake hakipaswi kuwepo. Wanaojitokeza mbele kuombewa, mama anayelia, watoto wa Sunday School: usiwahifadhie priseti ya karibu. Kwenye mazishi, ndugu walioko Muscat au Toronto wanafuata kila dakika, na ni haki yao kuwa sehemu ya kuaga. Lakini jeneza linapofunguliwa, familia iwe imeulizwa mapema. Wakikataa, zuia kitufe cha jeneza kabla ibada haijaanza, kibaki PANA na sauti ya kwaya. Mwendeshaji aliyepewa mpangilio huo hahitaji kuamua jambo zito hivyo kwa sekunde tatu.

Jumamosi jioni, mtu mmoja asimame mimbarini akiwa na karatasi nyeupe kifuani, mwingine abonyeze kila kitufe kwa zamu, mara ya kwanza kamera 1 ikiwa hewani na mara ya pili kamera 2. Ni mibonyezo kumi na sita, kama dakika tano. Stendi iliyosukumwa na ufagio, viti vya kwaya vilivyosogezwa, dirisha linaloingiza jua jipya: vyote vinaonekana hapo. Sahihisha priseti, toa nakala ya mpangilio wa Companion kwenye faili, iweke kwenye flashi, na flashi ifungwe kwa uzi nyuma ya kompyuta.